Behewa la mviringo na behewa la pembe nane

Ndugu, umeuliza kama kubadilisha umbo kidogo tu kunatosha kukwepa hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu kuzuia wengine wasiige ubunifu wake. Itazame kesi ya Winans na Denmead, Marekani, iliyofika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo kipindi cha Desemba 1853.

Ross Winans alibuni behewa la makaa ya mawe: mviringo, pana juu, jembamba chini, mfano wa ndoo. Ujanja wake ni kwamba makaa yanasukuma kuta sawasawa pande zote, kwa hiyo bati jembamba linahimili shehena nzito na behewa lenyewe halilemei reli. Denmead, mtengenezaji wa Baltimore, akaunda la pembe nane, Winans akamshtaki. Utetezi wake: "Hataza inasema mviringo, langu si mviringo." Mahakama ya chini ikamkubalia.

Winans akakata rufaa, akashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Curtis alisema kama kazi na matokeo ni yale yale, umbo lililokaribiana halikuokoi. Kama behewa la Denmead lilikuwa hivyo, suala hilo lingepaswa kuachiwa wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua ukweli wa kesi. Wale majaji wanne waliopinga nao hawakuwa wajinga: walishikilia kuwa mbunifu aseme wazi anachodai, na afungwe na maneno yake.