Ile dripu nyeupe ya mtoto njiti si maziwa

Wazazi wa kwetu walioko huku Uingereza, ninakofanya kazi ya uuguzi kwenye wodi ya watoto njiti, huniuliza sana: "Sista, mbona mnampitishia mwanangu maziwa kwenye mshipa?"

Si maziwa. Maziwa hayaingii kwenye mshipa hata tone moja. Yale ni mafuta, ya soya peke yake au yaliyochanganywa na ya zeituni na samaki, yakavunjwavunjwa kuwa chembe ndogo mno na kushikamanishwa na maji kwa lesithini ya kiini cha yai. Kwa hiyo kama mtoto wako, hasa aliyekwisha kuanza kula, hudhurika na yai, soya au samaki, sema mapema bila kungoja kuulizwa.

Njiti aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 26 hana akiba ya kutosha ya mafuta mwilini, na tumbo lake bado halipokei maziwa ya kumtosha. Akiyakosa mafuta kabisa, ndani ya siku chache hupungukiwa asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na ubongo wake unazihitaji. Mafuta ya asilimia 20 yana kalori 2 kwa kila mililita, ndiyo maana lile bomba dogo la sindano lina kazi kubwa. Huenda polepole, kutwa kucha: kwa kawaida gramu 1 au 2 kwa kilo kwa siku mwanzoni, na kwa mtoto mchanga hatuvuki gramu 4. Ukiona bomba na mrija vimefunikwa, ni kwa sababu mwanga huyaharibu.

Kinachonitia wasiwasi ni ini. Mtoto akikaa na dripu hii wiki nyingi, hasa aliyekatwa utumbo, nyongo inaweza kushindwa kutiririka vizuri. Uliza kila wiki: vipimo vya ini vimesemaje? Anapewa mafuta ya aina gani? Marekani iliidhinisha mafuta ya samaki kwa watoto wenye tatizo hili mwaka 2018, kwa hiyo swali lako lina msingi. Ukiona choo kimepauka au macho yanarudi kuwa manjano, tuite.

Na tafadhali, mama, usiache kukamua kwa kuwa dripu ipo. Kamua mara 8 au zaidi kwa siku, usiku pia. Kadiri tumbo linavyozoea maziwa yako ndivyo tunavyopunguza dripu, na ini linapumua. Hata dang'a, yale maziwa ya kwanza, ikiwa matone mawili tu, iandike jina na saa, utuletee, tutampaka mdomoni.