Maswali na Majibu ya Wasomaji: Programu Ikompailiwe Lini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya. Nimetengeneza programu kwa lugha ya Java kwa ajili ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi. Karani hupima kahawa, huingiza kilo, na programu hukokotoa malipo na kuchapa stakabadhi. Kompyuta yao ni ya zamani, yenye memori ya gigabaiti 2, na umeme hukatika mara kwa mara. Kila inapowashwa upya, programu huchukua karibu dakika nzima kufunguka, na stakabadhi za mwanzo hutoka kwa kusuasua. Ikifika saa nne asubuhi mambo huwa mazuri kabisa. Rafiki yangu anasema Java haifanyi kazi kwa lugha ya mashine, na kwamba nikiikompaili, yaani kuitafsiri, moja kwa moja kuwa lugha ya mashine itakuwa na kasi zaidi siku zote. Je, ni kweli? Na je, nikifanya hivyo nitalazimika kusafisha memori mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo saa nne asubuhi uliyoitaja ndiyo inayomsahihisha rafiki yako. Prosesa haielewi lugha nyingine isipokuwa lugha ya mashine, na programu yako hufika huko. Suala ni kwamba hufika ikiwa tayari kazini. Kompaila ya Java hutoa msimbo wa kati, ulioandikwa kwa ajili ya mashine pepe (programu inayojifanya kompyuta), na tangu Java ilipotangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995 lengo lilikuwa faili lile lile liweze kutumika kwenye kompyuta za aina mbalimbali. Wewe uliye karibu na wakulima utanielewa nikiufananisha msimbo huo na kahawa iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa, lakini ambayo bado imo ndani ya ganda lake jembamba: inahifadhika na kusafirishika vizuri, na ukoboaji unasubiri.

Ukoboaji huo, katika Java ya leo, hufanywa na mashine pepe ya HotSpot iliyotolewa mwaka 1999. Mwanzoni husoma msimbo wa kati amri moja baada ya nyingine na kuitekeleza, huku ikihesabu kila fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) inaitwa mara ngapi. Kwa mipangilio ya kawaida, fanksheni iliyoitwa mara 200 hivi hupelekwa kwenye kompaila nyepesi, na ile iliyofikia takriban mara 5,000 hupelekwa kwenye kompaila nzito, ambayo hutumia muda mrefu zaidi ili itoe lugha ya mashine iliyonolewa. Umeme unapokatika, kazi yote hiyo hupotea, na asubuhi inayofuata hesabu huanza upya.

Lakini kuchelewa huko kuna faida ambayo rafiki yako hakuitaja. Kompaila inayofanya kazi wakati programu inaendelea huona mambo ambayo kompaila ya mapema, ile inayomaliza kazi kabla programu haijafunguliwa, haiwezi kuyaona: inaijua prosesa iliyo mbele yake, inajua ni tawi gani la sharti halijawahi kupitwa, na inajua kwamba mahali ambapo zingeweza kuitwa fanksheni tano tofauti, tangu asubuhi imeitwa moja tu. Kwa hiyo huthubutu kuandika lugha ya mashine kwa ajili ya hiyo moja tu, na ikitokea siku dhana hiyo imevunjika, huitupa kazi hiyo na kurudi kwenye msimbo wa kati bila programu kuharibika. Ndiyo maana seva inayokaa wiki nzima bila kuzimwa inaweza kuipita kwa kasi programu ile ile iliyokompailiwa mapema. Programu inayofunguliwa, ikafanya kazi dakika chache na kufungwa, haipati muda wa kufaidi hayo, na hapo kukompaili mapema hushinda waziwazi, hasa kwa kufunguka haraka na kutumia memori kidogo.

Kuhusu kusafisha memori, ondoa wasiwasi. Usimamizi wa memori ni ahadi ya lugha, wala hautegemei umbo la msimbo. Ukitumia Native Image ya GraalVM, zana ya kukompaili Java mapema kuwa lugha ya mashine, faili linalotoka hubeba ndani yake mkusanyaji taka wake (sehemu inayosafisha memori isiyotumika tena), na safu zako, yaani orodha za data, bado zitakaguliwa mipaka. Vivyo hivyo kwa wanaotumia lugha ya C#, ambao tangu .NET 7 (jukwaa la Microsoft linaloendesha C#) ya mwaka 2022 wanayo njia rasmi ya kukompaili mapema.

Gharama yake ndiyo inayonitia shaka kwa mazingira yako. Native Image huanza kwenye mlango wa programu, hufuata kila fanksheni inayoweza kufikiwa, na kuacha yote mengine. Maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine unaoutumia) zinazotafuta klasi, yaani vipande vya msimbo wa Java, kwa jina wakati programu inaendelea, kama zile za kuunganisha hifadhidata au kutengeneza ripoti, huhitaji kutajwa mapema kwenye mafaili ya mipangilio. Ukisahau moja, kosa litaonekana siku karani atakapobonyeza kitufe cha ripoti hiyo, wala si siku ya kukompaili. Tena faili la Windows lazima litengenezwe kwenye Windows. Na kabla hujahangaika, tazama kama kompyuta ya chama ina Windows ya biti 32, kwa sababu Native Image haitoi msimbo wa prosesa za Intel za biti 32 hata kidogo. Ikiwa ni ya biti 64 lakini prosesa yake ni ya kabla ya mwaka 2013, matoleo ya sasa hutumia kwa kawaida amri za AVX2 (za kukokotoa data nyingi kwa pamoja) ambazo prosesa hiyo haina, na programu iliyokwenda vizuri kwenye laptopu yako itakataa kufunguka Mbozi mpaka uikompaili kwa chaguo la -march=compatibility.

Kwa hiyo ningeanza na njia nyepesi. Dakika nzima ni ndefu mno kwa Java peke yake. Nahisi memori inajaa na Windows inahamishia data kwenye diski. Fungua orodha ya kazi za Windows (Task Manager) uone, punguza programu zinazojifungua zenyewe, kisha uiwekee Java kikomo cha memori, kwa mfano -Xmx256m (megabaiti 256), ukihakikisha kwamba kazi ya siku nzima inatosha humo. Baada ya hapo, ikiwa unatumia Java 13 au ya baadaye, tumia chaguo la -XX:ArchiveClassesAtExit, ambalo huhifadhi klasi zilizokwisha kusomwa na kukaguliwa ili zisisomwe upya kila asubuhi. Pima kwa saa, kwenye kompyuta ile ile ya chama, kabla na baada ya kila badiliko.

SWALI: Zamani simu yangu ya Android iliposasishwa ilikuwa ikikaa muda mrefu ikisema inaboresha programu moja baada ya nyingine. Mbona siku hizi haifanyi hivyo? (Msomaji wa Iringa Mjini)

JIBU: Ulikuwa ukishuhudia suala hili hili. Android 5.0 ya mwaka 2014 iliacha mashine pepe ya Dalvik na kuanza kukompaili kila programu nzima wakati wa kuisakinisha, hivyo kila sasisho la mfumo lilidai kazi hiyo irudiwe. Android 7.0 ya mwaka 2016 ilichanganya njia zote mbili: programu huanza mara moja, simu hukumbuka sehemu unazozitumia sana, na sehemu hizo hukompailiwa simu ikiwa imetulia kwenye chaji.

SWALI: Nikikompaili programu yangu kuwa lugha ya mashine, je, wezi hawataweza kuisoma? (Msomaji wa Makambako, Njombe)

JIBU: Wataisoma kwa shida zaidi. Msimbo wa kati wa Java hubaki na majina ya klasi na fanksheni, na zipo zana za kuurudisha karibu na ulivyoandikwa. Lugha ya mashine hupoteza sehemu kubwa ya hayo, lakini mjuzi mwenye subira bado ataifuatilia, na maneno uliyoyaandika wazi hubaki yakionekana ndani ya faili. Kama nywila ya hifadhidata imo humo, itoe leo na uihamishie kwenye seva.