Uliniuliza nilikuwa naomba saa ngapi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza, nikiwa na watoto wanane niliowafundisha mwenyewe nyumbani, na shule yote iko kwenye meza yangu ya jikoni, nilikuwa naomba saa ngapi. Unasema hukumbuki hata siku moja kuniona nimejifungia chumbani na Biblia, na kwamba wewe mwenye wawili tu, tangu uanze kumfundisha mkubwa kusoma, hata Baba Yetu huimalizi kabla mmoja hajalia.

Unakumbuka vizuri. Sikuwahi kujifungia. Nyumba yetu ya Fort Worth, kule Texas, unaijua mwenyewe, hata bafuni kulikuwa na foleni. Kina mama wenzangu wa kikundi cha Ijumaa, wale tuliokuwa tukibadilishana vitabu na kufundishiana watoto pale kanisani, wengine waliamka saa kumi alfajiri wakakaa na Neno na kahawa yao. Nawaheshimu. Mimi saa hiyo nilikuwa nanyonyesha, na sala yangu ilikuwa "Bwana, nihurumie," halafu usingizi unanichukua.

Kilichonisaidia ni Katekisimu Ndogo, kile kitabu kidogo cha mafundisho ya Kilutheri, ileile niliyoikariri kwa ajili ya kipaimara kule Machame bila kuielewa. Martin Luther aliitoa mwaka 1529, na akaeleza waziwazi kwamba hayo ndiyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hajamwachia mchungaji peke yake. Na ukiitazama ile sala ya asubuhi, maagizo yake ni machache mno: jiweke alama ya msalaba, sema Imani ya Mitume na Baba Yetu, ongeza sala fupi ukipenda, kisha nenda kwenye kazi yako kwa furaha. Jioni ni hivyohivyo, halafu anakwambia ulale mara moja. Mtu aliyeandika hivyo alijua nyumba yenye watoto ilivyo.

Ndiyo maana ibada yetu haikuzidi muda wa uji kupoa. Imani kwa sauti, sura moja ikisomwa kwa zamu, kila mtu mstari wake, wimbo, basi, madaftari mezani. Baba yako akiwa safarini na lori alisali nasi kwa simu kutoka kituo cha mafuta, injini ikinguruma. Na kwa kuwa mlijifunzia Kiswahili kwenye Biblia hiyohiyo, mnakumbuka kaka yenu alivyomwambia muuza ndizi pale Moshi "Nakusihi, ewe mama, unipunguzie." Alipunguziwa.

Lakini naona swali lako halihusu ibada ya pamoja. Unauliza nilikuwa wapi mimi na Mungu wangu.

Nilimsoma Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, mama yake John Wesley aliyeanzisha Umethodisti, aliyezaa watoto 19, karibu nusu wakafa wachanga, na waliobaki akawafundisha mwenyewe nyumbani, saa sita kwa siku. Watu wengi husimulia kwamba alijifunika aproni kichwani ili aombe. Mimi lililonishika ni jingine: kila jioni ya juma alikaa na mtoto wake, mmoja leo, mwingine kesho, wakizungumza habari za roho yake. Alhamisi ilikuwa ya John. Na huyo John, tayari msomi wa Oxford, alimwandikia mama yake akiomba amgawie tena japo kipande cha ile Alhamisi.

Nikaiga. Jioni za kukaa sikuwa nazo, ila nguo za kukunja nilikuwa nazo kila siku. Kwa hiyo kila mmoja wenu alikuwa na siku yake ya kukunja nguo na mimi, wale wawili wa mwisho wakigawana Jumapili baada ya kanisa. Wewe ulikuwa Jumanne. Nadhani mlidhani ni kazi tu.

Ile Jumanne baada ya msiba wa bibi yako uliniuliza, taulo mkononi, kama amekufa kwa sababu hatukuomba vya kutosha. Ulikuwa na miaka kumi. Nilikwambia hapana, sala si dawa inayopimwa kwa kijiko. Ukauliza, sasa kwa nini tuliomba? Nikasema sijui vizuri, tumuulize. Tukamuuliza, pale chini, katikati ya soksi, mimi na wewe, tukalia, tukamaliza kukunja. Hiyo, mwanangu, ilikuwa saa yangu ya sala. Nyingine nyingi zilikuwa hivyo. Sijui kama mahali pa siri ningeweza kumwomba Mungu kwa ukweli kama ule mlionilazimisha ninyi.

Watu wetu wa shule ya nyumbani hupenda Kumbukumbu la Torati 6: "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Wengine huitumia kama fimbo ya kuwachapia wanaopeleka watoto shule za serikali. Mimi sikubaliani nao, na dada yako aliyeamua hivyo hajamkosea Mungu. Andiko linataja nyumba, njia na kitanda, na hivyo kila mzazi anavyo.

Kwa hiyo usitafute saa usiyokuwa nayo. Mtoto wa miaka mitano herufi kidogo na hesabu kidogo zinatosha, kisha mwache acheze. Mimi Texas sikudaiwa hata fomu, tangu Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua mwaka 1994 kwamba shule ya nyumbani ihesabiwe kama shule binafsi. Huko Ohio mkubwa wako akifika umri wa lazima wa shule utamwarifu msimamizi wa elimu wa wilaya, na tangu mwaka 2023 hawadai tena matokeo ya tathmini kila mwaka. Huna mkaguzi mlangoni, basi usijifanye mkaguzi wa nafsi yako.

Mdogo akilia katikati ya Baba Yetu, mbebe, endelea ulipoishia. Mkubwa mchagulie siku yake na kazi yake, hata kama ni kukausha vyombo, na usiharakishe kuongea. Huchukua muda kabla hawajaanza kuuliza.

Mumeo msalimie. Jumapili tutapiga simu mkishatoka kanisani, baba yako anataka kumsikia mjukuu wake akisoma.

Mama yako