Muvi ya kisasi, machungwa ya Muheza na kanga yangu

Kama una binti wa miaka 15 nyumbani na mazungumzo yenu yamebaki "ndiyo" na "hapana", mtafutie muvi ya kisasi ambayo mwisho wake mnaujua nyote. Sitanii. Muvi ngumu inataka kimya, ukiuliza jambo unakatwa jicho. Ya kisasi, kila aliyewahi kubanana kwenye kibandaumiza anaijua njia yake: familia inauawa, mtoto anaponea chupuchupu, anakua, anarudi. Stelingi hafi. Basi mnapata nafasi ya kupiga soga huku mnamenya machungwa.

Mimi niliweka Colombiana, ya mwaka 2011, hapa kwangu Ngamiani, Tanga, binti wa kaka yangu alipokuja likizo. Alifika simu iko usoni. Shikamoo yake niliisikia, macho sikuyaona.

Jipya humo hakuna. Luc Besson, aliyeiandika pamoja na Robert Mark Kamen, alikwishatuonyesha tangu 1994, kwenye Léon, mtoto wa kike aliyeuliwa ndugu zake akataka kufundishwa kuua. Ukili ni uleule, jamvi ndilo jingine. Ila limesukwa na mtu anayejua kusuka, na hilo si dogo.

Tazama pale mwanzoni. Ni Bogotá, 1992. Cataleya ana miaka tisa, wazazi wake wameuawa muda huohuo, naye amekaa mezani katulia tuli. Muuaji kaketi mbele yake anambembeleza atoe kitu alichoachiwa na baba. Amandla Stenberg, aliyeigiza utoto wake, hapepesi jicho. Mara kisu kimezama kwenye mkono wa yule bwana, mtoto katokea dirishani, mbio juu ya mapaa. Binti yangu aliacha kumenya, ganda la chungwa linaning'inia.

"Shangazi, rudisha nyuma."

Tukarudisha mara mbili. Simu ilikuwa imelala kifudifudi kwenye mkeka.

Kwa hiyo mwanzo msiuruke, ila uutazame peke yako kwanza, maana ile damu si ya mtoto wa darasa la tatu. Baadaye, Cataleya akishakuwa Zoe Saldana, yale mapenzi yake na mchoraji mnaweza kuyatumia kuchemshia chai. Hamtapitwa na kitu.

Kilichotufungua midomo ni ua. Cataleya kila akiua anamchora maiti ua, lile lenye jina kama lake, ua la taifa la Kolombia. Binti akaguna.

"Sasa anachora nini? Si ndiyo watamjua?"

"Anataka wamjue."

"Lakini ana mjomba wake Chicago. Na bibi. Watawafuata wao."

Nikanyamaza. Wale mliokwisha itazama mnajua alikuwa amepatia.

Nilikuwa nimejiandaa kuongea habari za muvi, nikajikuta nasimulia kanga. Kisasi cha Tanga hakina bunduki. Huu ni mji wa taarab, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star; mtu akikuudhi unamtunza mwimbaji kwenye ubeti unaomhusu, au unavaa kanga ukakaa anapokuona. Mwenzangu mmoja wa biashara ya vitenge alikula mtaji wetu, akaapa kwamba mzigo umepotea njiani. Sikwenda kwa mjumbe, sikwenda polisi. Nilinunua doti ya "Hasidi hana sababu", nikaivaa harusini, nikachagua kiti cha kumkabili. Akaisoma. Raha niliyoisikia, Mungu anisamehe, sijaisikia tena.

Tatizo, haikusomwa na yeye peke yake. Kulikuwa na mama mmoja aliyenikopesha sehemu ya mtaji ule, naye hakuwa na habari kama umeliwa. Aliitazama kanga, akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi, akajumlisha. Kesho yake, chai haijachemka, yuko mlangoni anataka chake. Niliuza cherehani.

Binti alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia akaokota simu, akanionyesha bila kuombwa. Kulikuwa na status aliyoiandika siku mbili nzima, haijarushwa bado: fumbo la kumchoma rafiki yake aliyemtangaza kwenye grupu la darasa. Fumbo zuri kwa kweli. Lina vina. Shangazi zake wa zamani wangejivunia.

Hapa ndipo wakubwa tunapoharibu. Usimwambie afute. Mimi nilimuuliza swali lake mwenyewe: ukirusha hili, nani mwingine atalisoma? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwalimu wa darasa. Mama yake. Yule mvulana. Alipofika kwa yule mvulana akakunja vidole vyote, akaniambia tuendelee na muvi.

Tukaendelea. Mjomba akafa, bibi akafa, mbwa wakapata kazi yao, kila kitu kama tulivyotabiri, na tulikuwa tunatabiri kwa sauti kubwa mpaka jirani akagonga ukuta.

Ile status sikuiona. Siku hizi lakini mtu anaweza kukuficha, kwa hiyo sili yamini.

Wakati tunakusanya maganda aliniuliza ile kanga niliipeleka wapi.

"Ndiyo hiyo unayopangusia mikono."

Akaikunjua, akaitafuta ile sentensi. Ilikuwa imebaki "sababu" tu.