Igizo fupi kwa kikundi cha Arua: hesabuni watu kwanza

Ndugu wa Arua, umeuliza mpate wapi igizo fupi la nusu saa kwa kikundi cha watu wazima saba, wengi wao hawajawahi kupanda jukwaani. Mimi niko Jinja, kikundi chetu tulikianzishia Walukuba, na nimeharibu maigizo ya kutosha kukujibu.

Majina saba mnayo, sawa. Watakaofika mazoezini Alhamisi jioni ni wangapi? Sisi tulianza na igizo la wahusika tisa. Muuguzi wetu akabadilishiwa zamu. Wawili ni wa boda, na jioni ndiyo saa ya abiria. Miezi miwili tukawa tunasoma mistari ya wasiokuwepo. Siku ya kuonyesha, mzee mmoja alibeba wahusika wawili, akaingia na koti la yule ambaye tayari alikuwa ameshakufa. Watu walicheka sana, na igizo lilikuwa la msiba.

Tangu siku hiyo ni wahusika watatu, wakizidi wanne. Chumba kimoja, jioni moja. Ukikuta andiko limesema “baada ya wiki mbili”, lirudishe ulikolitoa. Nani atawabadilishia vyombo jukwaani? Na hadhira ikikaa gizani dakika moja tu, simu zinatoka mifukoni.

Lililotuokoa ni Dubu, la Anton Chekhov, Mrusi, la mwaka 1888. Usiogope Urusi. Mjane amejifungia ndani miezi saba akimlilia mumewe. Anaingia mdai: marehemu alichukua chakula cha farasi kwa mkopo, rubo 1,200, pesa za Kirusi, na huyu mdai naye anadaiwa, kesho lazima alipe riba. Mama anamwambia subiri kesho kutwa, msimamizi wangu atakuwa amerudi. Bwana anakataa kutoka. Hapo igizo limekwisha jengeka! Kila anayefungua mdomo anataka kitu, na mwenzake anamnyima, kwa hiyo hata asiyejua kuigiza anajua afanye nini. Yumo pia mtumishi mzee wa kutetemeka. Mpeni yule mwenye haya kuliko wote.

Chekhov alifariki 1904, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa. Lakini tafsiri mnayoisoma huenda ina mwenyewe, hilo liangalieni. Sisi tuliisoma watu watatu, tukaifunga, kisha tukaisimulia upya mezani kwa Kiswahili chetu, mmoja akiandika. Farasi wakaondoka, yakaja magunia ya mahindi. Igizo la mwandishi aliye hai ni jambo jingine: mwandikieni kwanza.

Kuhusu lugha sikubaliani na rafiki yako anayetaka Kiswahili sanifu tupu. Kwetu Uganda wengi walikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, na hadhira inakuja na masikio hayo. Mdai wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu. Nilipomsahihisha ngeli, alikauka kama mti; unamwona kabisa anatafuta kiambishi. Nikamwacha aseme chake: “Wewe mama, pesa iko wapi?” Mjane alikuwa mwalimu aliyeishi Mombasa, Kiswahili chake kinateleza. Basi yule anabweka, huyu anajibu kwa adabu inayochoma, na nusu ya kicheko ilitoka hapo bila mimi mwongozaji kufanya lolote. Nyinyi huko Arua mna Wanubi na Kiswahili chao, msikifiche.

Sasa bastola. Ndani ya igizo mdai na mjane wanataka kupigana risasi, na mama hajui kuishika, inabidi adui yake amfundishe. Bastola ya bandia sikushauri, hata ya mbao, hasa kama mnafanyia mazoezi uwanjani watu wakipita. Tulitumia miko ya kusongea posho, yaani ugali, ile mirefu ya shuleni. Nilidhani itakuwa mzaha mtupu. Ila pale bwana anaposimama nyuma yake kumwonyesha namna ya kushika, ndipo mapenzi yake yanapojitokeza, na akiharakisha, igizo zima linaanguka. Tulilirudia tukio hilo jioni nne. Mwanajeshi wetu mstaafu alikuwa anaona aibu kumgusa mwalimu, na mwishoni tukaiacha aibu yake ibaki: mkono unakwenda, unasita, unashika mwiko badala ya kidole. Kwenye mabenchi hata watoto walinyamaza.