Shule zikifungwa tena, usimpe mtoto mwenye usonji tarehe

Mama mmoja wa Pasua, Moshi, ameniuliza: ukija ugonjwa mwingine kama korona na shule zikafungwa, mwanawe mwenye usonji (autism) atamfanyaje? Mwaka 2020 mtoto alivaa sare kila asubuhi akasimama getini kusubiri gari la shule. Akiambiwa "kesho" alitulia. Kesho ikifika bila gari, alijigonga kichwa ukutani.

Mama, tuanze na hiyo "kesho". Tarehe 17 Machi 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa hapa Arusha, ilitangazwa kwamba shule zinafungwa kwa siku 30. Muda ukaongezwa, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi 29 Juni. Mzazi aliyemhesabia mtoto zile siku 30 kwenye kalenda alionekana mwongo siku ya 31, na watoto wengi wenye usonji hushika neno kama lilivyotamkwa. Kwa hiyo usitaje tarehe. Piga picha ya geti la shule likiwa na kufuli, mwoneshe kila asubuhi kwa maneno yaleyale: "Shule imefungwa. Leo tuko nyumbani." Baba, dada wa kazi na bibi waseme hivyohivyo, wasiongeze lao. Sare usiifiche, akitaka kuivaa aivae, kisha aiweke mwenyewe kabatini.

Halafu siku yake iwe na mfuatano anaouona kwa macho. Funga kamba ukutani usawa wa macho yake, ubanie picha tano kwa vibanio vya nguo: uji, kazi ya mwili, kusoma, chakula, kulala. Picha za simu zilizochapishwa steshenari zinafaa kuliko michoro, maana kikombe anachokiona ni kikombe chake. Asiyeelewa picha mpe kitu chenyewe, kwa mfano kijiko kikimaanisha chakula. Jambo likiisha, yeye ndiye anayebandua picha na kuitia kwenye kopo. Wengi huharibu hapa: wanabandika picha kumi na mbili, au wanambandulia kwa haraka zao. Kosa jingine ni kuandika saa. Uji ukichelewa dakika 20 kwa sababu gesi imeisha, mfuatano bado uko salama. Ungekuwa umeandika saa, ahadi yako ingekuwa imevunjika.

Ongeza kadi moja nyekundu ya "mabadiliko", ya kumwonesha kwamba jambo moja kwenye kamba limebadilishwa na jingine. Wiki ya kwanza itumie kwa jambo analolipenda tu, kama ndizi mbivu badala ya daftari. Ukianza nayo kwa sindano, ataiogopa na hutaitumia tena.

Kazi ya mwili itangulie kusoma, dakika kumi hivi: kupukuchua mahindi, kubeba majani ya ng'ombe au dumu la maji. Mzigo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 25 atabeba lita mbili na nusu. Na atoke nje! Uingereza ilipowafungia watu ndani na kuwaruhusu kufanya mazoezi mara moja kwa siku, Aprili 2020 ililazimika kuwalegezea watu wenye usonji watoke zaidi ya mara moja. Sisi hatukufungiwa kabisa, lakini wapo waliowafungia watoto chumbani kwa kuogopa macho ya majirani, wakasingizia korona. Tuambiane ukweli.

Barakoa ndiyo yenye kazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la watoto, UNICEF, walishauri mwaka 2020 kwamba wenye miaka mitano na kushuka wasilazimishwe, na wenye ulemavu wa ukuaji waangaliwe mmoja mmoja. Asiyeweza kuivua mwenyewe asivishwe kabisa. Anayeweza, ifue kwanza mara mbili kwa sabuni isiyo na harufu, ukate lebo. Mpira ukimsumbua masikioni, shona vifungo viwili kwenye kofia yake uupachike huko. Siku ya kwanza aishike tu. Kisha aiweke kidevuni, kisha puani kwa hesabu ya tatu, kisha ya kumi. Akikataa, rudi hatua moja nyuma, usirudi mwanzo.

Kunawa kuna tatizo lake: wengine hawataki kuacha, ngozi inapasuka. Mpimie maji, jagi la lita moja, yakiisha, taulo. Kitakasa mikono kaa nacho wewe, maana wapo wanaokilamba.

Mzoesheni kipimajoto cha kwapani akiwa mzima, pamoja na mlio wake. Mtoto asiyesema hatakwambia ana homa. Ukienda hospitali, iwe KCMC au Mount Meru, omba msubiri nje mpaka zamu yenu ifike.

Shule zikitangazwa kufunguliwa, jipangie wiki mbili za kumwandaa. Mwamshe dakika 15 mapema zaidi kila baada ya siku mbili. Avae sare nusu saa nyumbani, kisha mwende hadi getini mrudi, na ile picha ya kufuli ibanduliwe akiona. Kumrudisha Jumatatu kwa siku nzima ndiko kunakozaa simu ya "njoo umchukue". Zungumza na mwalimu akubali saa mbili tu kwa siku tatu za kwanza, na umwandikie kwenye karatasi maneno mnayotumia nyumbani, ili naye aseme hayohayo.