Unayeanza kusoma zana za mawe, shika jiwe kabla ya kuutaja ukame

Wanafunzi wapya wa akiolojia huvutwa haraka na maelezo ya aina moja: ukame ulikuja, watu wakabuni zana mpya. Uweke ukame pembeni kwanza.

Anza na jiwe lenyewe. Obsidiani, yaani kioo cha volkano, hubanduka vipande vyembamba vyenye makali, ilhali kwatzi, jiwe gumu la fuwele, hupasuka ovyo. Zana zikiwa ndogo, huenda mabonge ya mawe yaliyopatikana ndiyo yalikuwa madogo. Jifunze kugonga mawe wewe mwenyewe, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho. Mkono utakuonyesha mambo ambayo mchoro hauonyeshi.

Kisha isome Olorgesailie, kusini mwa Kenya, tena kwa utulivu. Kwa muda mrefu sana watu wa pale walitengeneza mashoka makubwa ya mkono, mengi kwa mawe ya volkano ya jirani, hadi miaka 500,000 hivi iliyopita. Kufikia miaka 320,000 iliyopita tunakuta zana ndogo za Zama za Mawe za Kati, baadhi za obsidiani iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Katikati hapo mmomonyoko umefuta tabaka za takriban miaka 180,000. Yaani kipindi chenyewe cha mageuzi hakipo! Ndiyo maana mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi katika bonde la jirani la Koora na kutoa mashapo, yaani matabaka ya udongo yaliyotuama, ya kina cha mita 139. Mashapo hayo hayakuonyesha ukame mtupu. Kuanzia miaka 400,000 hivi iliyopita ardhi ilikatikakatika kwa nyufa, na maji na malisho yakawa hayatabiriki. Kwa maoni yangu, kutotabirika huko kunaeleza obsidiani ya mbali vizuri zaidi: anayeishi hivyo anahitaji watu wa kubadilishana nao, walio mbali na bonde lake.

Pwani ya Kenya, pango la Panga ya Saidi linatoa funzo tofauti. Zana zilipungua ukubwa miaka 67,000 hivi iliyopita, na aina za mawe zikabadilika pia, ingawa mazingira ya msitu na nyasi hayakuvurugika sana.

Kwa hiyo, ukipewa mchoro wa tabianchi, uliza mashapo yake yametoka wapi. Ya baharini hayakuambii kama chemchemi ya bonde lako ilikauka. Uliza pia umri uliopimwa unaweza kukosea kwa miaka mingapi: ikiwa ni 10,000, huwezi kusema mvua ilitangulia zana au zana zilitangulia mvua.